Mama wa Upasuaji Naye Aelezwe Maumivu Yake

Shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka wa 2009, vijana wa Nyanza walipanga foleni kwenye vituo vya afya na kwenye mahema wakisubiri kutahiriwa. Serikali ilikuwa imejiwekea lengo la kuwatahiri wanaume 30,000 kwa siku 30 za kazi, na hesabu ilipopigwa idadi ilikuwa imepita 36,000. Kampeni hiyo tunaikumbuka kwa sababu ya Ukimwi. Utafiti uliofanywa Kisumu kwa vijana 2,784 na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huohuo, na kufikia mwisho wa 2008 Kenya ilikuwa imeanza kazi, ikianzia huku kwetu.

Lakini kuna jambo jingine katika kampeni ile ambalo halikuandikwa sana magazetini. Kila kijana, kabla ya kupanda kitanda cha upasuaji, aliketishwa akaelezwa. Kwanza pamoja na wenzake, kisha peke yake na mshauri. Aliambiwa sindano ya ganzi itachoma kidogo. Baada yake atahisi kushikwashikwa, hatahisi kukatwa. Ganzi itaisha baada ya saa chache na hapo maumivu yataanza, ndiyo maana amepewa vidonge vya kumeza nyumbani. Alfajiri mwili ukiamka, nyuzi zitavuta, asiogope. Arudi kukaguliwa, na akae wiki sita bila tendo la ndoa. Yote hayo kwa Kidholuo au kwa lugha nyingine anayoielewa, na kwa upasuaji ambao kwa kawaida humalizika ndani ya nusu saa.

Sasa mfikirie mama anayepelekwa kujifungua kwa upasuaji. Atakatwa ngozi, mafuta, utando wa misuli, utando wa tumbo na mfuko wa uzazi wenyewe, kisha ashonwe vyote kurudi nje. Kesho yake atatarajiwa ashuke kitandani, ajiogeshe, abebe mtoto na kumnyonyesha. Katika hospitali nyingi za umma nchini, anachopewa kabla ya hayo ni karatasi ya kutia sahihi na kofia ya kufunika nywele. Kuhusu maumivu yatakayokuja, hakuna neno. Akiuliza ataambiwa ni kawaida, avumilie.

Hoja yangu ni kwamba kaunti za Migori na Homa Bay, hapa Nyanza, hazina haja ya kumleta mtaalamu wa kutoka mbali kuja kuzifundisha namna ya kumwandaa mgonjwa wa upasuaji kukabili maumivu. Kazi hiyo zimeifanya kwa miaka mingi, kwa maelfu ya watu, vijijini na ufuoni. Zimeifanyia upasuaji mdogo na kuuacha mkubwa.

Tazama kinachotokea wodini. Upasuaji wa uzazi mara nyingi hufanywa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Ganzi hiyo ni nzuri mno: mama yuko macho, anamsikia mtoto akilia, na haumwi. Baada ya saa mbili, tatu hivi, miguu inaanza kurudi, na maumivu yanarudi pamoja nayo. Kama alipasuliwa alasiri, wakati huo giza limeingia, ndugu waliokuja kumwona wamekwisha kutolewa, na muuguzi wa zamu ana wodi nzima ya kuangalia. Huyu mama hakuambiwa kwamba ganzi ina mwisho. Anachojua ni kwamba mchana hakuumwa na sasa tumbo linawaka, kwa hiyo anaamini kitu kimekatika ndani. Analala chali bila kujigeuza, akijizuia kukohoa na kuvuta pumzi za juujuu. Mtoto akilia anamtazama tu.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mapafu yasiyopanuliwa hukusanya makohozi na kukaribisha nimonia. Damu ya miguu isiyotembezwa inaweza kuganda, na mwanamke aliyetoka kujifungua yumo hatarini zaidi kwa jambo hilo kuliko mtu wa kawaida. Matumbo hulala, hewa ikajaa, tumbo likazidi kuuma. Isitoshe, maumivu makali ya siku za mwanzo ni mojawapo ya dalili kwamba mtu anaweza kubaki na maumivu ya muda mrefu hata baada ya kidonda kupona. Kuogopa kumeongeza kile kilichoogopwa.

Kwamba maneno yanaweza kubadili hali hii si dhana ya juzi. Mwaka wa 1964, madaktari wa usingizi wa hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, wakiongozwa na Lawrence Egbert, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Kundi moja, watu 46, walitembelewa na daktari wa usingizi usiku wa kuamkia upasuaji. Aliwaambia wataumwa wapi, kwa kiasi gani na kwa muda gani, na kwamba maumivu hayo ni ya kawaida. Aliwafundisha kulegeza misuli ya tumbo, kujigeuza kwa kutumia mikono na miguu badala ya tumbo, na kuomba dawa wakizidiwa. Baada ya upasuaji aliwarudia kuwakumbusha. Kundi la pili halikupata mazungumzo hayo. Waliofundishwa walihitaji takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu walizohitaji wenzao, na madaktari wapasuaji, ambao hawakujua nani yumo kundi gani, waliwaruhusu kwenda nyumbani mapema kwa siku 2.7 kwa wastani.

Siku mbili na zaidi, kwa mazungumzo! Ningekuwa mhasibu wa hospitali ya kaunti ningeibandika takwimu hiyo ukutani.

Uaminifu unanitaka niongeze upande wa pili. Mwaka wa 2016 watafiti wa mtandao wa Cochrane walizikusanya tafiti 105 za namna hii, zenye washiriki zaidi ya 10,000, wakazipima kwa pamoja. Walikuta maandalizi kabla ya upasuaji huenda yakapunguza maumivu na hofu, na kufupisha siku za kulazwa kwa nusu siku hivi, lakini wakaonya kwamba ushahidi wenyewe ni wa kiwango cha chini na tafiti hazifanani. Kwa hiyo asije mtu akatuahidi miujiza ya Boston. Nusu siku, hata hivyo, si haba kwa wodi ambamo mama wawili wanaweza kujikuta kwenye kitanda kimoja, na mazungumzo hayana sumu wala bei.

Kuna wanaosema watu wa huku hawahitaji elimu ya maumivu kwa sababu tayari wanayo, tena ya jadi. Ni kweli tunayo. Wazee wa Kijaluo walio na pengo la meno sita ya chini hawakuyapoteza kwa kuoza. Waling'olewa wakiwa wadogo ili waitwe watu wazima, na aliyelia alichekwa. Upande wa Kuria, kijana hutahiriwa mbele ya umati bila ganzi, na kope ikitikisika jina la ukoo linaharibika. Wasichana wa Kuria nao walifundishwa hivyohivyo, kwa ukeketaji, ukatili ambao sheria ya mwaka wa 2011 imeupiga marufuku na ambao bado unafanywa kwa kujificha. Mwanamke aliyefunzwa utotoni kwamba kulia ni kuaibisha nyumba ya baba yake, ndiye huyu unayemwona leo amelala wodini kimya, na muuguzi akipita anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Siidharau elimu hiyo ya jadi. Ndani yake kuna hekima moja ambayo hospitali imeikosa: kijana wa Kikuria haendi kukatwa ghafla. Huandaliwa. Huimbiwa, husindikizwa, hujua siku, hujua mahali, na anao watu pembeni mwake. Maandalizi ndiyo yanayomwezesha kusimama. Hospitali yetu imechukua nusu ya somo, ile ya kunyamaza, ikaacha nusu ya kuandaa. Na kunyamaza ambako uwanjani kuna heshima, wodini kunaua, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka wa 2018, uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25. Theluthi moja yao walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa uzazi. Karibu mmoja kati ya watano alipata matatizo, na katika waliokufa, asilimia 94 walikufa baada ya siku ya upasuaji kupita. Maana yake ni kwamba mauti yalikuja wagonjwa wakiwa wametoka chumba cha upasuaji wakiwa hai, wakati ambapo mgonjwa mwenyewe na ndugu aliye kando yake ndio walinzi wa kwanza. Mlinzi asiyejua mwizi anafanana vipi atamfungulia mlango.

Kwa hiyo somo la maumivu lina sehemu mbili, na zote zinaweza kusemwa kwa robo saa. Ya kwanza ni maumivu ya kawaida. Siku ya kwanza hadi ya tatu huwa makali zaidi, kisha yanapungua kila siku, ingawa kidonda kitavuta kwa wiki kadhaa. Dawa ya maumivu humezwa kwa saa zake hata kama mtu anajisikia nafuu, kwa kuwa ukingoja moto uwake ndipo utafute maji utahitaji maji mengi zaidi. Panadol na ibuprofen hupita kwenye maziwa ya mama kwa kiasi kidogo sana. Mama asiache kumeza akidhani anamlinda mtoto, na asiache kunyonyesha akidhani anajilinda. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aseme mapema, maana ibuprofen na diclofenac hazimfai. Ukitaka kukohoa au kucheka, kunja leso, iweke juu ya mshono uikumbatie kwa mikono miwili. Ukitaka kuamka, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, ujisukume kwa mkono. Usijivute kwa tumbo. Vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa ukiwa macho. Tembea mapema, hata kama ni hadi mlangoni na kurudi. Mshono hauachani kwa sababu umetembea.

Hili la leso nimeona akina mama wakilishika upesi kuliko mashauri mengine yote, pengine kwa sababu leso wanayo tayari.

Sehemu ya pili ni maumivu ambayo mtu hapaswi kuyavumilia hata kidogo. Yaliyokuwa yakipungua kisha siku ya nne au ya tano yakapanda, pamoja na homa, usaha au harufu mbaya. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi. Kifua kuchoma na pumzi kukatika. Kichwa kinachopasuka ukiketi na kutulia ukilala, baada ya ile sindano ya mgongoni. Na kwa majeruhi wa bodaboda, ambao hawakosekani katika barabara ya kutoka Rongo hadi Isebania, kuna moja ambalo ningetaka kila ndugu anayemhudumia mgonjwa alijue: mfupa uliofungwa plasta ukizidi kuuma badala ya kutulia, vidole vikafa ganzi au vikawa baridi, hiyo ni dharura ya saa chache. Misuli inakosa damu. Anayemwambia mgonjwa huyo ajikaze anamsaidia kupoteza mguu.

Wanaume wana balaa lao. Mvuvi wa Mbita au Muhuru aliyepasuliwa ngiri, au mchimba dhahabu wa Nyatike, akiona siku ya tano haumwi sana anarudi kuvuta nyavu na kupandisha magunia ya mawe. Huyu tatizo lake ni kutafsiri nafuu kama kupona. Naye aelezwe kabla, na mkewe awepo.

Nani aeleze? Muuguzi wa zamu ana kazi kumi mkononi, na simwongezei ya kumi na moja bila kufikiri. Upasuaji mwingi wa uzazi huku ni wa dharura; mama analetwa na ambulensi au pikipiki, mtoto amechoka tumboni, hakuna robo saa ya somo. Ndiyo sababu mahali pake ni kliniki ya wajawazito. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mama mjamzito aonane na mhudumu mara nane. Katika mojawapo ya siku hizo, wakati akina mama wameketi kwenye benchi wakingoja kupimwa, mtu mmoja asimame awaeleze wote, maana hakuna ajuaye nani kati yao atapasuliwa. Kijitabu cha mama na mtoto anachobeba kila mjamzito kinaweza kuongezewa ukurasa mmoja wa picha. Wanafunzi wa uuguzi wa chuo cha KMTC waliopo wodini kwa mafunzo wapewe kazi hiyo na wapimwe kwayo. Na wahudumu wa afya ya jamii, wale takriban 100,000 ambao serikali ya kitaifa iliwapa vifaa mwaka wa 2023 wazunguke nyumba kwa nyumba, wajue maswali ya kumuuliza mama aliyetoka hospitali siku ya nne, siku ambayo hakuna daktari anayemwona.

Lugha nayo isisahaulike. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa. Katika kaunti ya Migori hilo lina maana ya Kidholuo, Kikuria na Kiswahili kwa uchache, bila kuwataja Waluhya, Wakisii, Wasomali wa mjini na Watanzania wanaovuka kutoka Sirari. Kumwambia mama wa Kehancha aeleze maumivu yake kwa namba kutoka sifuri hadi kumi, kwa Kiingereza, ni kumpa mtihani wa hesabu. Mwonyeshe nyuso zilizochorwa, au vidole vya mkono. Kisha uamini anachosema. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipopitia upya maelezo yake ya maumivu mwaka wa 2020 kilisisitiza hilo: kauli ya anayeumwa iheshimiwe. Kiliongeza kwamba maana ya maumivu mtu hujifunza maishani. Kama tulijifunza moja uwanjani, tunaweza kujifunza nyingine kliniki.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni hili: elimu isije ikageuzwa kisingizio. Kumfundisha mtu kupumua taratibu huku kabati la dawa likiwa tupu ni matusi. Kila aliyewahi kumuuguza ndugu katika hospitali ya umma anajua safari ya kwenda duka la dawa lililo nje ya lango na kikaratasi mkononi, na anajua kwamba asiye na pesa usiku huo ataumwa hadi asubuhi. Wagonjwa wa Boston walipunguza dawa kwa sababu dawa zilikuwepo na waliambiwa waziombe. Elimu na dawa zinakwenda pamoja.

Na hapa majirani wametutangulia. Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka wa 1993 akachanganya dawa kali ya maumivu, mofini ya maji ya kunywa, kutoka unga wa bei nafuu, na mwaka wa 2004 nchi hiyo ikawaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika kwa wagonjwa. Hiyo ilikuwa hasa kwa wagonjwa wa saratani na Ukimwi, lakini ilivunja hofu ambayo kwetu bado iko. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka wa 1994 iliandikwa ikimlenga mlanguzi, na kivuli chake kimemwangukia pia tabibu, ambaye huona heri mgonjwa aumwe kuliko yeye aulizwe kuhusu chupa ya dawa hiyo. Mgonjwa mwenyewe naye anaogopa uraibu. Aambiwe ukweli: dozi za siku chache baada ya upasuaji, zikisimamiwa, ni nadra kumfanya mtu mraibu. Aambiwe pia kuhusu ile imani kwamba sindano ya mgongoni humharibu mtu mgongo maisha yote. Tafiti hazijaiunga mkono; wanawake wengi huumwa mgongo baada ya kuzaa, waliochomwa na wasiochomwa.

Wengine wanahofia kwamba kumtajia mtu maumivu ni kuyaita. Hofu hiyo ina msingi, kwani anayetishwa huumwa zaidi. Jibu liko katika namna ya kusema. Ukimwambia mama "utaumwa sana" ukaondoka, umemtisha. Ukimwambia ganzi itaisha jioni, tumbo litauma, dawa hii utapewa kabla haijaisha, leso utaishika hivi, na ukizidiwa niite kwa sababu kuniita ni sehemu ya matibabu, umempa kitu cha kushika.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mawaziri wa afya wa Migori na Homa Bay hawahitaji mswada bungeni kuanzisha hili, wala mfadhili. Washauri waliokuwa wakiwaandaa vijana wa tohara wengi bado wako hapa, wanajua lugha na wanajua jinsi ya kuzungumza na mwoga bila kumdhalilisha. Waitwe, wapelekwe kliniki za wajawazito na wodi za upasuaji, walipwe.

Nawe msomaji, wewe au dada yako mkipewa karatasi ya kutia sahihi, muulizeni daktari au sista mambo manne: ganzi itaisha saa ngapi, nitapewa dawa gani na kila baada ya muda gani, nitaanza kutembea lini, na maumivu gani yakitokea nipige kelele. Kuyajibu hakuchukui hata dakika tano, na sheria inamtaka awajibu.